Mwalimu Atupele, Mvunja Kanuni Zangu

Haya, sogeeni. Mlisema mnataka kusikia namna tulivyoifundisha kompyuta kukamata makosa ya Kiswahili, enzi zile kabla mashine hazijaanza kujisomea zenyewe. Nitawaambia yote ninayoyajua. Ila nawaonya mapema: mimi mzee wa Tunduma, nimezoea kupaza sauti kuyashinda malori, na nikianza kusimulia nakwenda huku narudi kule. Anayetaka mambo yaliyopangwa foleni akasimame mpakani.

Kwanza niwaambie ninachokitamani, maana hicho ndicho kitakachokuwa kinanikatiza. Siitamani ile kompyuta, ilikuwa na joto kama jiko la mkaa. Mshahara nao ulikuwa wa kulia nao. Natamani kusikia kifuniko cha kalamu kikigonga meza, ko, ko, halafu sauti ya mwanamke ikisema, "Hodi." Huyo ni Mwalimu Atupele, Mndali wa Isongole, mwenzangu wa kazi kwa miaka yote ile. Mwaka jana, kabla ya mavuno ya mahindi, alipigwa kiharusi, ulimi ukafunga. Kwa hiyo mkiniona nimenyamaza katikati ya maneno, msidhani nimesahau. Huwa nasikiliza.

Tulifundisha pamoja sekondari, mimi Kiswahili, yeye hesabu. Tulipokaribia kuchoka na chaki, kampuni moja ndogo ya Dar ikatafuta watu wa kutengeneza programu ya kukagua sarufi. Wakanitaka mimi. Nikawaambia siji peke yangu. Bosi akauliza, mwalimu wa hesabu atafanya nini kwenye Kiswahili? Nikamwambia atanivunja. Nadhani alidhani ni utani, lakini alikubali, tukapewa chumba juu ya duka la spea, barabara ya kwenda mpakani. Dirishani unaona malori ya Zambia yamekaa kama yameota hapo, na madereva wanasalimiana "Mulishani!" juu ya ngurumo.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe. Kompyuta ya wakati ule ilikuwa haielewi kitu. Unaipa ruwaza, yaani umbo la kosa: ukiona neno la aina hii, na mara tu baada yake neno la aina ile, chora mstari mwekundu. Basi, imeisha. Ni kama kumweka mlinzi getini ukamwambia, kila mwenye kofia nyekundu msimamishe. Atawasimamisha wezi, sawa, na siku kardinali akija na kofia yake atasimamishwa naye.

Kwa hiyo kazi ilikuwa ya watu wawili. Mmoja anatunga kanuni, mwingine anaivunja. Mimi nilikuwa mtunzi. Nikimaliza kanuni naisoma kwa sauti, nimejikuna kidevu kama nimegundua dawa. Atupele anatafuna karanga zake, anatazama malori. Kazi yake ni kutafuta sentensi moja, moja tu, isiyo na kosa lolote, ambayo mlinzi wangu ataikamata bure. Akiipata hasemi "umekosea." Anagonga meza na kifuniko cha kalamu, "Hodi." Na mimi ni lazima niseme "Karibu" ndipo aitoe. Nisiposema karibu, haingii. Alisema adabu ni adabu hata kwenye kubomoa.

Mnacheka? Subirini niwape mfano.

Watu wengi huandika "kiti imevunjika." Nikatunga kanuni: jina linaloanza na ki-, likifuatwa na kitenzi kinachoanza na i-, chora mstari. Lo, niliipenda kanuni ile! Ilikuwa fupi, safi, inakamata makosa kama mtego wa panya. Nikaisoma. Karanga zikanyamaza.

"Hodi."

Nikajifanya sikusikia.

"Hodi, mwalimu."

Nikafungua faili jingine. Nawaambieni, siku ile sikusema karibu asubuhi wala mchana. Tulikula chakula, tukanywa chai, akanipa hata nusu ya muhogo wake, hodi iko palepale mlangoni. Jioni tunashuka ngazi, mimi mbele, nikasikia anagonga chuma cha ngazi, ko, ko. Nikageuka, nikasema, "Karibu basi, mwanamke wewe, karibu!"

Akasema taratibu, "Kahawa iliyoanikwa kwenye kichanja imeibwa."

Nikasimama pale pale kwenye ngazi. Sentensi haina kosa. Kilichoibwa ni kahawa, kichanja kipo. Lakini mlinzi wangu angeona kichanja na imeibwa wamekaa jirani, angepiga filimbi.

"Kanuni yako inaona majirani," Atupele akasema, "haioni ukoo."

Kesho yake tukaiandikia msamaha, ndivyo tulivyoziita zile ruwaza za kuiambia kanuni "hapa pita, usiguse." Na sentensi ya kahawa ikaingia kwenye sentensi za majaribio. Hilo mlishike, vijana: kila kanuni lazima iwe na sentensi mbovu itakazozikamata, na sentensi nzuri itakazozipisha. Mbovu nilizipata kirahisi, watu wanaziandika kila siku. Nzuri alikuwa anazivuna Atupele sokoni, kanisani, kwenye matangazo ya misiba, kwa madalali. Alikuwa akisikia mtu amesema kitu kizuri anasimama njiani kama aliyedondosha hela. "Gwe, rudia hapo ulivyosema!" Watu wa Tunduma walishamzoea.

Kuna kanuni moja hatukuitunga sisi, ililetwa kutoka Dar, na hao wa Dar walikuwa wameinakili kutoka kwenye programu ya lugha nyingine. Ilisema neno likirudiwa mara mbili mfululizo ni kosa. Jamani! Kwa Kiswahili! Atupele aliisoma akacheka mpaka akashika ukuta. Tukaandika barua ya kupinga, lakini wakati barua inatembea, programu ilikuwa imeshafika kwa watu wa kutujaribia. Mmoja wao alikuwa katibu wa usharika kule Isansa, mkulima, mtu mpole mwenye maandishi mazuri. Akapiga simu.

"Walimu, shikamooni. Kompyuta yangu inavuja damu."

Alikuwa ameandika tangazo la wakulima: kahawa ichumwe mbivu mbivu, punje moja moja, pole pole, na zilizo sawa sawa zitengwe. Kila mahali nyekundu. Tulicheka, tukamwomba radhi, tukaitoa ile kanuni, tukamtumia programu iliyorekebishwa. Tukangoja atuletee maoni yake kama kawaida. Kimya. Baadaye Atupele alikwenda Isansa kwenye harusi, akamkuta. Akarudi hana furaha.

"Amezima," akaniambia.

"Si tumerekebisha?"

"Amezima kabisa, mwalimu. Na matangazo haandiki tena, amempa kijana wake aandike. Anasema inawezekana siku zote alikuwa anakosea, watu wanamstahi tu." Alikaa, hakugusa karanga. "Tumemfunga mtu mdomo. Mtu ukimsahihisha pale asipokosea, anaanza kuogopa hata pale alipo sahihi. Mwisho anaona bora akae kimya."

Toka siku hiyo hakuruhusu kanuni ipite kama alikuwa na mashaka nayo hata chembe. Bosi analalamika kwenye simu, wenzenu wa lugha nyingine wana kanuni nyingi, nyinyi mna za kujaza kiganja tu! Atupele anamjibu, bora makosa kumi yapite kuliko asiye na hatia mmoja ashikwe. Na mstari ukishachorwa, hakutaka pembeni paandikwe "Kosa!" Alisema programu haijui inaongea na nani, huenda ni mzee, huenda ni mama mjane anaandikia serikali. Basi iongee kama iko mbele ya mkwe wake. Tukaweka "Huenda ulikusudia," halafu pendekezo. Bosi akasema maneno yanajaza skrini. Tukagombana naye msimu mzima, mpaka akasalimu amri.

Mniulize kama nilimpenda. Najua mnataka kuuliza, naona mnakonyezana. Nilikuwa na mke wangu na yeye alikuwa na mume wake, Mungu awaweke pema wote wawili, na hakuna aliyekosa usingizi kwa ajili yetu. Ila kuna mtu akiwa chumbani unafikiri vizuri zaidi, na akitoka unabaki na nusu ya akili. Sijui mnaliita nini hilo siku hizi.

Mke wangu alipofariki, tulikuwa tumeshastaafu wote. Atupele alikuwa amerudi Isongole kwenye migomba yake, mimi nimebaki hapa na malori yangu. Watu wamejaa matangani, mimi nimekaa kwenye mkeka, naambiwa kula sili. Nikamwambia shemeji yangu, "Mwanaume akifiwa na mkewe, nyumba imekufa. Imekwisha." Mlangoni nikasikia ko, ko.

"Hodi."

Mdomo wangu ulijibu wenyewe, "Karibu."

Akaingia na vumbi lake la safari, akakaa chini mbele yangu. "Kuna mzee kwetu, jirani yangu. Alifiwa na mke. Mpaka leo moshi unatoka jikoni kwake. Anapika mwenyewe, anaunguza, wajukuu wanakula hivyo hivyo wanalalamika, kesho wanakuja tena." Akanisogezea sahani. Nikacheka, kisha nikalia kama mtoto mbele ya watu wazima, kisha nikala. Nimeishi mpaka leo kwa sababu ile kanuni ilivunjwa mapema.

Baada ya hapo alikuwa ananipigia simu. Hata habari hasemi. "Hodi." Nasema karibu, naye anavunja jambo nililolisema simu iliyopita. Nimesema mvua za mwaka huu hazina maana, ananitajia shamba la maharage lililostawi. Nimesema vijana wa siku hizi hawasomi, ananitajia binti wa jirani yao. Nilikuwa nasema mambo mengine makubwa makubwa kwa makusudi, ili tu apige tena.

Halafu simu ikaja, sauti siyo yake. Ni Tusekile, binti yake. "Mjomba, mama ameanguka."

Nilipopata nafuu ya miguu yangu hii ya uzee nikaenda Isongole. Nilibeba sukari, sabuni na karanga, mkono mtupu haulambwi. Nilimkuta uani kwenye kiti cha mbao, ametazama milima ya ng'ambo, Malawi. Mkono wa kulia umelala mapajani kama wa kuazima. Aliponiona macho yalijaa pale pale.

"Mama, tazama nani amekuja!" Tusekile alikuwa amepiga magoti pembeni yake. "Mwite. Sema, Mwalimu."

Atupele akafungua mdomo. "Mwa... mwa..."

"Malizia, mama. Siyo hivyo. Mwa-li-mu."

"Mwa..."

"Mwa-li-mu, mama. Jana ulikaribia."

Akafunga mdomo. Hakukasirika. Aliugeuza uso tu, akaanza kumenya maharage kwa mkono wa kushoto, moja moja. Na kila kitu kilikuwa hivyo. Akitaka maji, "Sema maji, mama." Akionyesha kanga, "Siyo ka-ka, kanga." Chakula cha mchana hakujaribu tena hata sauti moja. Nikakumbuka Isansa.

Nilimfuata Tusekile jikoni. "Mwanangu, mama yako amezima."

"Amezima nini, mjomba?"

Nikamsimulia habari za yule katibu na kompyuta iliyovuja damu. Alisikiliza huku anachochea moto, kisha akaweka kanga usoni. "Hospitali walisema azoezwe kila siku. Nikimwacha je? Naogopa, mjomba. Naogopa atasahau mpaka jina langu."

"Hospitali wamesema kweli, azoezwe. Ila tumwache kwanza aongee vyovyote vitakavyotoka. Hata vikiwa vimepinda. Tumjibu tu, kama vile ameongea vizuri."

"Na asipoongea?"

Nilisema tujaribu kwa siku nitakazokuwapo, maana mchungaji wao alinipa chumba.

Tulijaribu. Tusekile, Mungu ambariki, aliuma midomo yake asubuhi mpaka jioni. Nami nilikaa kwenye kigoda mbele ya Atupele, tunamenya maharage, nikamrudisha kazini. Nikatunga kanuni, tena za hovyo, za kuvunjika zenyewe. "Mwalimu, kanuni: kila ndizi ya Isongole ni tamu." Kimya. "Kanuni: Mndali hachelewi kanisani." Upande mmoja wa mdomo wake ukacheka, lakini sauti haikuja. "Kanuni: jogoo huwika alfajiri tu," na jogoo wa jirani akawika mchana ule ule, tukacheka sote watatu, naye kwa mabega. Nikangoja mkono ugonge. Haukugonga. Nilimsimulia kahawa na kichanja, nikamsimulia na ngazi. Aliangalia midomo yangu kama mtu anayetazama gari lake likiondoka.

Nawaambieni kweli, usiku sikulala vizuri kwa mchungaji. Nilikuwa nimekwenda kumsaidia, kumbe nilichokifuata ni ile sauti. Niliitaka kwa ajili yangu. Mtu aliyekuwa akinivunja yuko mbele yangu, mzima, ananitazama, na sina namna ya kumfikia.

Siku ya kuondoka dereva wa Noah ya abiria alikuwa amekubali kunipitia. Nikamuaga Atupele, nikamshika mkono ule uliolala, nikauweka tena mapajani taratibu. Tusekile akanisindikiza mpaka kwenye kona ya nyumba. Hapo sikuwa natunga kitu. Nilikuwa nimechoka, nikamwambia yaliyokuwa moyoni.

"Tukubali tu, mwanangu. Mtu aliyefungwa ulimi kiasi hiki haongei tena. Tushukuru anakula, anacheka, anatujua."

Tusekile akainamisha kichwa. Noah ikapiga honi barabarani.

Ko. Ko.

Nilidhani ni kuku anadonoa debe. Nikageuka. Atupele alikuwa amekunja ngumi ya kushoto, iko juu ya mkono wa kiti. Akagonga tena. Uso wote umekaza, jasho limemtoka, mdomo unatafuta.

"O... o... di."

Lilitoka limepinda. Nilimwona Tusekile anavuta pumzi ili amsahihishe, ndivyo alivyozoea, kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Machozi yakamtoka juu ya vidole.

Nikasema, "Karibu, mwalimu. Karibu ndani."

Tukangoja. Hatukumsaidia hata kwa herufi. Honi ikapiga mara ya pili, kuku wakapita, maharage yakadondoka kutoka mapajani kwake hakuyajali. Akainua ule mkono wa kushoto, akajigusa kifuani.

"Mimi," akasema.

Nikarudi kwenye kigoda changu, nikakaa. Nikamwambia Tusekile aende barabarani akamwambie dereva aondoke, mzee amevunjwa, bado yuko kazini.